Kabla ya kusema wazazi wa Arash wanaficha watoto

Kila Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, kuna sentensi moja isiyokosekana kwenye hotuba: wazazi waache kuwaficha watoto wenye ulemavu. Ikisemwa Arusha mjini, wasikilizaji wengi wanajua tayari ni nani wanaoambiwa. Ni wafugaji, ni watu wa mbali, ni wale wa Loliondo. Sentensi hiyo ina ukweli wake, kwani wapo wazazi wanaoficha. Ubaya wake ni kwamba inamtafuta mtoto bomani kabla ya kumtafuta kabatini.

Kabati lenyewe ni lile la zahanati, lenye rejista za MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, zilizokunjika pembe, na lile la mwalimu mkuu, lenye madaftari ya mahudhurio. Duniani kuna watu ambao ajira yao ni kufungua makabati ya namna hiyo. Hawatibu, hawafundishi, na mara nyingi hawamwoni hata mtoto mmoja. Wanasoma faili, wananakili yanayohusika kwenye fomu ya utafiti, wanalifunga, wanachukua jingine. Waitwe wanukuzi wa kumbukumbu. Kazi hii haina sare wala sifa, lakini ndiyo inayoamua ni mtoto gani ataingia kwenye hesabu na ni yupi atabaki nje.

Umbo lake la sasa lilikomaa Atlanta, Marekani. Mwaka 1991 CDC, taasisi ya nchi hiyo ya kudhibiti magonjwa, ilianzisha mpango wa kudumu wa kufuatilia ulemavu wa ukuaji kwa watoto wa jiji hilo na viunga vyake: ulemavu wa akili, mtindio wa ubongo, upungufu wa kusikia na wa kuona, na baadaye usonji. Kuanzia mwaka 2000 utaratibu huo ukapelekwa majimbo mengine kupitia mtandao uitwao ADDM, unaohesabu zaidi watoto wa miaka 8. Hakuna aliyebisha hodi nyumbani kwa mtu. Wanukuzi walikwenda hospitalini, kwenye kliniki na kwenye ofisi za elimu maalumu, wakapekua mafaili wakitafuta dalili: mtoto aliyechelewa kusema, asiyeitika akiitwa jina lake, anayerudia jambo lilelile kutwa nzima. Waliandika maneno ya daktari au mwalimu kama yalivyo, bila kuyapamba. Kisha mtaalamu mwingine, naye bila kumwona mtoto, alizisoma nukuu hizo na kuamua kama zinatimiza vigezo. Kuanzia hesabu ya mwaka 2018 utaratibu ulirahisishwa, uzito ukawekwa kwenye majina ya hali yaliyokwisha kuandikwa na wapimaji. Msingi haukubadilika: kinachohesabiwa ni kilichoandikwa.

Namba zinazotoka humo husomwa dunia nzima. Kwa watoto waliokuwa na miaka 8 mwaka 2000, usonji ulionekana kwa mmoja kati ya 150. Kwa waliokuwa na umri huo mwaka 2022, ripoti iliyotoka Aprili 2025 ilisema mmoja kati ya 31. Vyombo vya habari viliirukia namba hiyo, vikaacha jedwali la chini yake, ambalo ndilo lenye habari yenyewe. Laredo, mji wa Texas, ilipata mmoja kati ya 103. Eneo lililohesabiwa California lilipata mmoja kati ya 19. Nchi moja, mwaka mmoja, fomu moja, na tofauti ya zaidi ya mara tano! Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatoka kwa wapimaji: wako wangapi, wanaanza kupima mtoto akiwa na umri gani, na wanaacha maandishi kiasi gani nyuma yao. Tena tangu zamani, vituo ambavyo wanukuzi wake walinyimwa mafaili ya shule vilikuwa na desturi ya kupata watoto wachache kuliko vile vilivyoruhusiwa.

Fomu hiyohiyo ihamishiwe Arash. Ni kata ya tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, wilaya ambayo sensa ya 2022 iliikuta na zaidi ya watu 270,000. Mnukuzi aliyefunzwa vizuri, mwaminifu, mwenye macho makali, angeweza kukaa na makabati ya kata hiyo wiki nzima na kuondoka na mtoto mmoja au wawili wenye usonji, au asiwe na yeyote. Namba yake ingechapishwa. Kisha angetokea mtu jukwaani na kueleza kwamba namba ni ndogo kwa sababu wazazi wanaficha.

Uko wapi basi mwanya anamopotelea mtoto? Ni vizuri kumfuata mtoto wa mfano hatua kwa hatua, na kuangalia kila kalamu inapomgusa na inapomruka.

Amezaliwa kwa taabu, uchungu umechukua siku mbili. Kama amezaliwa bomani kwa mkunga wa jadi, hatua ya kwanza haina maandishi kabisa. Kama amezaliwa kituoni, yumo kwenye rejista ya MTUHA namba 12, ile ya wodi ya wazazi. Humo kuna alama za Apgar, sifuri hadi kumi, za dakika ya kwanza na ya tano: anavyopumua, mapigo ya moyo, rangi ya ngozi, ulegevu wa viungo, anavyoitikia akiguswa. Mtoto mwenye alama tatu dakika ya tano ni mtoto anayehitaji kufuatiliwa kwa miaka. Alama hiyo ni hazina kwa mnukuzi. Lakini kwenye rejista yeye ni “mtoto wa” fulani, jina la mama tu, kwa kuwa bado hana lake. Kwa desturi za Kimaasai jina la kudumu linaweza kusubiri sherehe yake, na hakuna haraka.

Miezi michache baadaye anafika kliniki. Sasa yumo kwenye rejista namba 7, ya watoto, na ana kadi inayokaa nyumbani kwa mama. Jina limeshapatikana, ila namba ni nyingine. Hakuna mstari unaoiunganisha rejista namba 7 na ile namba 12, isipokuwa kumbukumbu ya kichwani mwa muuguzi, na muuguzi anaweza kuhamishwa wakati wowote. Kwenye kadi hujazwa zaidi uzito na chanjo. Mtoto anayepanda uzito vizuri huku shingo ikiwa haijakaza atapata nukta safi kwenye mstari wa kijani, na mama atapewa tarehe ya kurudi.

Siku moja anapata homa na degedege. Anaandikwa kwenye rejista namba 5, ya wagonjwa wa nje, yenye safu ya umri, safu ya ugonjwa na safu ya dawa. Akiandikwa malaria, ndiyo imetoka hiyo. Degedege haina safu yake. Akirudi tena mwezi wa nne na wa sita, kila safari ni mstari mpya kwenye ukurasa mpya, kwa hiyo hakuna anayeona kwamba ni mtoto yuleyule na kwamba safari ya mwisho hakuwa na homa. Daktari angeshuku kifafa papo hapo kama mistari ile mitatu ingekuwa kwenye karatasi moja.

Mwisho wa mwezi muuguzi anajumlisha. Jumla zinakwenda wilayani na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta uliotapakaa nchi nzima mwaka 2013. Ni mfumo mzuri, na Dodoma inaweza kuona leo ni wajawazito wangapi wamejifungulia Ngorongoro mwezi uliopita. Kinachosafiri, hata hivyo, ni jumla. Mtoto wetu amekuwa tarakimu moja ndani ya jumla ya malaria, na tarakimu haiwezi kurudishwa nyuma ikawa mtoto.

Anafika miaka 7. Anaandikishwa darasa la kwanza, anashindwa kufuata, anachekwa, anabaki nyumbani na ndama. Daftari la mahudhurio linamwita mtoro. Hapa ndipo mnukuzi makini anapopaswa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Takwimu za elimu ya msingi nchini, mwaka baada ya mwaka, hutaja utoro kuwa sababu kuu ya watoto kuacha shule. Ndani ya neno hilo kuna waliokwenda kuchunga na kuna walioolewa. Kuna pia wasiosikia ubao ukisomwa na wasioelewa Kiswahili cha mwalimu, na kuna wenye kifafa walioangukia darasani mara moja wasirudi tena. Mkoa uleule wa Arusha una chuo cha Patandi, kule Tengeru, ambacho kazi yake ni kuandaa walimu wa elimu maalumu. Umbali kati ya Patandi na daftari la watoro la Arash hauhesabiki kwa kilometa peke yake.

Mzazi wa mtoto huyo, wakati huohuo, hajakaa kimya. Hilo linasahaulika sana. Huenda ameshamfikisha Wasso, hospitali ya wilaya yenye mizizi ya Kikatoliki. Huenda ameshapanda gari hadi Karatu, kwenye hospitali ya FAME, ambako kwa miaka mingi madaktari wa mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania wamekuwa wakija kufanya kliniki pamoja na madaktari wa hapo. Huenda ana ndugu upande wa Narok, Kenya, akampeleka huko. Kila mahali kuna faili, na kila faili linaanza upya, kana kwamba mtoto amezaliwa asubuhi hiyo. Juni 2022, serikali ilipoweka vigingi kuzunguka eneo la kilometa za mraba 1,500 la Loliondo, Arash ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa, zipo familia zilizovuka mpaka. Kadi za kliniki zilizosahaulika bomani siku zile hazimo kwenye takwimu yoyote, na rejista za zahanati hazina safu ya “wamehama”.

Kuna mfano mwingine mkubwa zaidi, wa wilaya hiyohiyo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walifika Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilipimwa kwa kilometa. Wazazi waliobeba watoto wao kuvuka nchi nzima, kwenye barabara ile, kwa matumaini yale, hawawezi kuitwa watu wanaoficha. Nchi iliwapa barabara, polisi na maji. Haikuwapa daftari. Laiti kungekuwa na meza moja yenye karani wa kuandika umri wa mtoto, alikotoka na alichoshindwa kufanya, Tanzania ingekuwa na orodha ya watoto wenye ulemavu ambayo hakuna mtafiti aliyewahi kuwa na bajeti ya kuitengeneza.

Daktari mmoja aliwahi kuandika, na faida yake ilichukua miaka mingi kuonekana. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza kliniki ya kifafa Mahenge, wilaya ya Ulanga, mnamo 1960. Katika milima ile ya Wapogoro aliona watoto ambao kichwa kilikuwa kikiinama na kuinuka chenyewe kabla kifafa chenyewe hakijawakamata. Akaandika. Miongo kadhaa baadaye, Uganda na Sudan Kusini zilipokumbwa na ugonjwa wa watoto kutikisa kichwa na wanasayansi wakahangaika kutafuta asili yake, maandishi ya Mahenge yalikuwa miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa uliopatikana. Mafaili yaleyale yalifanya jambo la pili. Mwaka 1992 Jilek-Aall na mwenzake Rwiza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki hiyo baada ya miaka 30. Zaidi ya nusu walikuwa wamefariki, na katika sababu kulikuwa na maji, moto na degedege isiyokatika. Kifafa kingeendelea kuitwa ugonjwa wa kuanguka tu, usioua, kama majina yale 164 yasingewekwa mahali pa kupatikana.

Mbulu, jirani wa Karatu, ina somo lake jipya zaidi. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, tangu 2009 wasaidizi wa utafiti waliwekwa kwenye chumba cha kujifungulia usiku na mchana, kazi yao ikiwa kuangalia na kuandika: mtoto katoka saa ngapi, kalia lini, nani kamsaidia kupumua na baada ya sekunde ngapi. Si wauguzi, wameajiriwa waandike. Kazi ya namna hiyo katika hospitali nane nchini, iliyoongozwa na Dkt. Georgina Msemo na kuchapishwa 2013, ilionyesha kwamba mafunzo mepesi ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yalipunguza vifo vya saa 24 za kwanza kwa asilimia 47. Ni ushindi mkubwa. Unaacha swali ambalo halipewi fedha za kutosha: watoto waliookolewa, waliokaa dakika kadhaa bila hewa, wako wapi wakiwa na miaka 5? Wangapi wanatembea? Mwandishi wa saa ya kuzaliwa alilipwa. Wa miaka inayofuata hayupo kwenye bajeti.

Afrika Mashariki imejaribu pia njia nyingine, ya kubisha hodi nyumba kwa nyumba, na imeifanya kwa ustadi. Kilifi, Kenya, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, watoto 10,218 wa miaka 6 hadi 9 walipitiwa kwa maswali kumi mepesi anayoulizwa mama. Je, alichelewa kukaa au kutembea kuliko wenzake? Anasikia? Anaelewa akiambiwa jambo? Huwa anapata degedege au kuzimia? Waliotiliwa shaka walipimwa kwa kina. Matokeo ya 2006 yalikadiria watoto 61 kwa kila 1,000 wenye ulemavu wa kati au mkubwa wa mfumo wa fahamu. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kati ya watoto 38,523 wa miaka 6 hadi 14, 112 walikutwa na kifafa kinachoendelea. Uganda, katika eneo la Iganga na Mayuge, Dkt. Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake waliwapitia watoto 31,756 na kuthibitisha mtindio wa ubongo kwa 86, chini ya watatu kwa kila 1,000.

Matokeo ya Uganda yana jambo la kusikitisha ambalo faili tupu haliwezi kulisema: mtindio wa ubongo ulipungua kadiri umri wa watoto ulivyopanda. Mtindio wa ubongo hauponi. Wapimaji waliona kwamba maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni vifo. Mtoto asiyehesabiwa mapema huenda asiwepo wakati hesabu inapofika.

Ndiyo maana inaudhi kidogo kuona kiwango cha ulemavu cha sensa ya 2022, asilimia 11.2, kikinukuliwa kama neno la mwisho. Ni kiwango cha watu wa miaka 7 na kuendelea. Walio chini ya hapo, wale ambao mazoezi ya viungo, kifaa cha kusikia au kidonge cha kifafa vingewabadilishia maisha yote, wako nje ya mabano. Mwaka 2018 jopo la watafiti wa dunia lilikadiria kwamba watoto milioni 52.9 wa chini ya miaka mitano walikuwa na ulemavu wa ukuaji mwaka 2016, asilimia 95 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sehemu kubwa ya namba hiyo kwa Afrika ni hesabu ya kompyuta inayojaza mahali ambapo hapakuwa na maandishi. Watoto wa Arash wamo humo, kama makadirio.

Kubisha hodi kuna gharama kubwa na huja mara moja kwa kizazi. Kilifi, Hai na Iganga zilikuwa na vituo vya utafiti ambavyo tayari vilikuwa vikihesabu kaya. Arash haina. Kwa hiyo hoja ya makala haya ni ya chini zaidi na ya bei nafuu zaidi: wanukuzi wapelekwe kwenye makabati yaliyopo, na kazi yao ya kwanza iwe kuonyesha wapi maandishi yanakatika, kabla ya kutoa namba yoyote. Utafiti wa aina hiyo hautapata sifa kwenye majarida makubwa. Ungeweza, hata hivyo, kumweleza Mganga Mkuu wa Wilaya kwamba watoto kadhaa wenye Apgar ya chini mwaka jana hawaonekani tena popote baada ya chanjo ya kwanza, na kumpa kurasa zao.

Ufundi wa kazi upo na unafundishika. Kanuni ya kwanza ni kutofautisha pasipoandikwa kitu na palipoandikwa hapana. Rejista isiyotaja degedege haisemi kwamba hakukuwa na degedege, na mnukuzi anayejaza “hapana” kwa uchovu wa saa kumi jioni ameshaharibu utafiti bila mtu kujua. Kwa hiyo sehemu ya mafaili husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, na majibu yao hulinganishwa. Kanuni ya pili ni kutokuwa daktari. Muuguzi akiandika “mtoto mlegevu, hashiki”, linukuliwe hilohilo, si “mtindio wa ubongo”.

Nani afanye? Kwa kawaida hufika gari lenye vijana wa mjini na vishikwambi, wakalala siku kadhaa Wasso na kuondoka. Wanasoma mwandiko wa muuguzi, ila hawajui kwamba jina fulani la rejista na jina fulani la shule ni la mtoto mmoja. Kijana wa kidato cha nne au cha sita wa Loliondo, anayejua Kimaasai na koo za pale, angelijua hilo kwa kutazama. Yeye ndiye anayefaa kuajiriwa, kwa mkataba na mshahara, asiwe kibarua wa posho ya chakula.

Papo hapo unazuka ugumu ambao miongozo ya Atlanta haiufikirii. Arash ni mahali watu wanapojuana. Ukifuta jina na kuandika tu “pacha wa kike, haoni, baba yake ni kiongozi wa kitongoji”, umemtaja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, na kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, hakitolewi bila kuonyesha namba zitakavyochukua nafasi ya majina. Hayo ni ya karatasi. Dawa ya vitendo ni rahisi: kijana wa Arash asome mafaili ya Soitsambu, kata nyingine ya Loliondo, wa Soitsambu asome ya Arash. Lugha ni ileile, mafaili si ya shangazi yake.

Wauguzi watapinga, na wana haki, iwapo pendekezo litakuwa safu mpya kwenye rejista ya kumi na kadhaa. Hakuna anayehitaji safu mpya. Kinachohitajika ni namba moja ya mama, iliyokwisha kuwepo kwenye kadi yake ya ujauzito, inakiliwe kwenye ukurasa wa wodi ya wazazi na kwenye kadi ya mtoto, na mwalimu wa darasa la kwanza aiandike pembeni ya jina siku ya kuandikisha. Ni mistari mitatu ya kalamu katika miaka saba. Kwa namba hiyo, mnukuzi anayekuja mwaka 2033 angeweza kumfuata mtoto wetu kutoka dakika ya tano ya maisha yake hadi kwenye daftari la watoro.

Na ukishampata umfanyie nini? Swali hili huulizwa na wazazi kwanza, na wako sahihi. Kuna watafiti waliokwisha kuhesabu, wakaaga. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kufikia 137,294 nchini kote katika miaka mitano. Maswali kumi ya Kilifi hayahitaji digrii. Mhudumu wa kitongoji anaweza kuyauliza akiwa amekaa kwenye kigoda. Linalokosekana ni mtu wa upande wa pili, Wasso, mwenye siku maalumu ya kuwapokea watoto hao, dawa za kifafa zisizokatika stoo, na nauli ya mama. Halmashauri ya Ngorongoro hukaa kupitisha bajeti yake kila mwaka. Mshahara wa wanukuzi wanne na siku moja ya kliniki kwa mwezi vingeweza kuingia kwenye kifungu cha afya cha mwaka ujao, na diwani wa Arash akauliza mwenyewe, kwa idadi na kwa kitongoji, watoto waliopotea kati ya rejista namba 12 na darasa la kwanza ni wangapi.